Karafuu, Mfuko na Kura



Kila unapokaribia uchaguzi, wanachama hutujia afisini na swali lile lile: je, ni kweli kwamba bei ya mazao ndiyo inayoamua nani atashinda? Tumeona yafaa tulijibu kwa maandishi, maana jawabu lake si fupi, na mfano wake mzuri umo humu humu visiwani.

Lililozoeleka kusemwa ni kwamba hali ikiwa ngumu, wapiga kura humwadhibu aliyeko madarakani. Marekani mwaka 1932, kazi zilipokosekana na mabenki yakifungwa, Rais Herbert Hoover alishindwa na Franklin Roosevelt katika majimbo 42 kati ya 48. Hesabu hiyo ni nyepesi, na mara nyingi ni ya kweli. Kasoro yake ni kuwa yamchukulia kila mtu kana kwamba ameumia sawa na mwenzake. Bei ya karafuu ikishuka, mwenye mikarafuu elfu moja hupungukiwa faida. Mwenye mikarafuu kumi hukosa pesa za skuli za watoto. Mchumaji hupunguziwa ujira. Na ikipanda, huenda mchumaji asione hata senti moja ya nyongeza. Kwa hivyo la kuuliza kwanza ni bei hiyo humfikia nani.

Tutazame chaguzi za 1957 mpaka 1963. Ule wa Julai 1957 ulikuwa wa viti 6 tu vya Baraza la Kutunga Sheria, na waliopiga kura walikuwa wanaume peke yao, tena kwa masharti ya umri, mali au kipato, na elimu. Hata kwa chekecheke hilo, Hizbu, chama kilichoungwa mkono na wengi wa wenye mashamba makubwa, hakikupata kiti hata kimoja.

Na hapa ndipo penye kiini cha jambo. Katika mashamba ya Unguja walikaa watu wengi wasio na ardhi yao. Walilima mihogo na mazao mengine ya chakula chini ya mikarafuu ya wenyewe, hawalipi kodi, bali hupalilia, na msimu ukifika huchuma kwa ujira. Miti ya kudumu hawakuruhusiwa kupanda, kwa kuwa mwenye mti hudai haki. Mapatano hayo hayakuandikwa popote. Tofauti baina ya tajiri na maskini ilikuwa kubwa kwa miaka mingi, na watu waliishi nayo. Baada ya uchaguzi wa 1957, siasa ziliingia shambani: baadhi ya wenye mashamba walianza kuwafukuza wakaazi hao, na wakaazi nao wakagoma kutimiza yale waliyokuwa wakiyatimiza. Mtu aliyeambiwa aache mihogo yake ardhini na kuondoka hakuhitaji mhutubu wa kumweleza chama cha kukipa kura.

Pemba mambo yalikwenda njia nyingine, ingawa maskini walikuwepo huko vile vile. Tufani ya 1872 iliangusha mikarafuu ya Unguja na kuisaza ya Pemba, na baadaye miti ya Pemba ikawa mikononi mwa watu wengi zaidi. Mchumaji wa Pemba mara nyingi alikuwa na miti yake michache, na aliyemchumia alikuwa jirani au mkwe. Chama cha ZPPP, kilichozaliwa 1959 kwa kujitenga na Afro-Shirazi, kilipata viti vyake 3 vya Januari 1961 vyote Pemba. Hatusemi kwamba mfuko ulikuwa sababu pekee. Kabila, dini na ukoo vilisema pia, tena kwa sauti kubwa. Lakini mwenye miti ishirini hujihesabu upande wa wenye mali, hata kama chakula chake hakizidi cha asiye na mti.

Januari hiyo Afro-Shirazi walipata viti 10, Hizbu 9. Kiti cha Chake Chake kiliamuliwa kwa kura moja. Wajumbe wa ZPPP wakagawanyika, pande mbili zikawa 11 kwa 11, na uchaguzi ukarudiwa Juni. Watu 68 waliuawa katika ghasia. Mwaka 1963, watu wazima wote walipopiga kura, Afro-Shirazi walipata asilimia 54 ya kura na viti 13 tu kati ya 31, kwani kura zao zilirundikana katika majimbo machache. Januari 1964 yakaja Mapinduzi, mashamba yakachukuliwa na Serikali, na wengi wakagaiwa eka tatu tatu.

Baada ya hapo mnunuzi wa karafuu akawa Serikali. Indonesia, iliyokuwa mteja mkubwa kwa ajili ya sigara zake, ilipanda mikarafuu yake yenyewe, na bei ya dunia ikaporomoka katika miaka ya 1980. Mwaka 1995, katika uchaguzi wa vyama vingi, viti vyote 21 vya Pemba vilikwenda kwa upinzani. Sababu zilikuwa nyingi, na nyengine kongwe kuliko bei. Lakini mkulima mwenye mnunuzi mmoja hujua wa kumlaumu.

Basi mgombea atakapokuja kutuahidi bei, tumwulize pia habari ya usafiri, ya mikopo, na ya miche. Na tukumbuke kwamba anayepanda juu ya mti wetu na pakacha lake naye ana kadi ya kura, na hesabu yake si lazima iwe yetu. Wapo wanachama wanaopandisha ujira bei inapopanda, wapo wasiopandisha. Jambo la ujira wa wachumaji tumeliweka la kwanza katika shughuli za mkutano mkuu, kabla ya taarifa ya fedha, na tunawaomba wanachama waje na hesabu zao za msimu uliopita.