Mnyororo Uliomezwa na Mbuyu

Asubuhi ya siku ya harusi, bibi harusi yuko saluni na kamati inavutana na mpambaji wa ukumbi. Mgeni aliyetoka mbali hana la kufanya. Ndivyo tulivyokuwa Bagamoyo sisi wa upande wa bwana harusi, Coaster nzima kutoka Tabora, tumekaa nje ya gesti na vikombe vyetu vya chai tukitazama bodaboda zinavyopita. Saa moja na nusu akatokea mzee mwenye baraghashia, mwalimu mstaafu, shemeji wa mwenyeji wetu.

"Inukeni, watani," alisema. "Ukumbini ni saa kumi na mbili jioni, na mji bado hamjauona."

Kila jamaa yake anapooa au kuozesha, kazi hii huwa yake. Kamati za harusi zetu hupanga fungu la keki, la MC na la matarumbeta. La asubuhi ya mgeni sijawahi kuliona. Mwalimu halipwi, lakini ana utaratibu asioupindisha: soko la samaki kwanza, Kaole kabla jua halijawa kali, Misheni mwisho kwa sababu ya vivuli, na saa saba kila mtu awe amerudi.

"Mtalii amekuja kuuona mji," alinieleza. "Mgeni wa harusi amekuja kumwona mtu, mji ameukuta tu. Ukimchosha, umemharibia mwenzio sherehe."

Kaole hatukukaa sana. Tulitazama magofu ya msikiti, makaburi yenye nguzo, na mikoko iliyoiziba bandari ya kale. Akina mama walijitanda khanga bila kuambiwa.

Tulipofika Misheni ndipo nilipokutana na kitu ambacho hadi leo hakijaniachia. Uwanjani pana mbuyu uliopandwa mwaka 1868, mapadre wa Roho Mtakatifu walipoanza kazi hapa. Shina lake ni kama nyumba. Upande mmoja, karibu na chini, gome limevimba na kujikunja kama mdomo, na katika mdomo huo kimetokeza kipande kifupi cha mnyororo wa chuma, pete zake zimekula kutu. Mnyororo wenyewe umo ndani. Mti haukuukata wala kuutema. Uliendelea kunenepa taratibu, mwaka baada ya mwaka, hadi ukaufunika. Niliweka kidole pale chuma kinapoingia. Hata ukucha haupenyi.

Shangazi wa bwana harusi alivua viatu. Akakigusa chuma, na machozi yakamtoka. "Hapa ndipo walipofungwa," alisema.

Mwalimu alingoja. Alipoona amejifuta, akamwambia kwa sauti ya chini: "Hapana, mtani wangu. Ni mnyororo wa punda."

Akasimulia. Mwishoni mwa karne ya 19 alikuwapo hapa mama wa Kifaransa, Madame Chevalier. Alizungushia mti mnyororo ili amfunge punda wake, kisha ukasahauliwa pale pale. Habari yote ndiyo hiyo. Wengine kati yetu walionekana kama watu walionyang'anywa kitu.

"Wageni wengi hulia hapa," aliniambia baadaye tukiwa kivulini. "Zamani niliwaza, nikinyamaza nani atajua? Machozi yenyewe ni ya haki. Lakini waliofungwa kweli kwenye pwani hii ni wengi mno, mwanangu. Hawana haja ya kuazimwa mnyororo wa punda."

Hata jina la mji hulitolea maelezo mawili. Moja ni la mtumwa anayeubwaga moyo wake hapa kwa kuwa hatarudi. La pili ni la mpagazi wa Kinyamwezi anayetua pembe za ndovu baada ya miezi njiani, moyo upumue. Sisi wa Tabora tulililia la pili, maana ni la babu zetu. Akatuonyesha na mnara ambako mwili wa Livingstone ulilazwa Februari 1874, baada ya watumishi wake, akina Chuma na Susi, kuubeba kutoka Chitambo wakipitia kwetu. Moyo wake walikuwa wameuzika kule alikofia.

Lakini shangazi alikuwa bado mbuyuni. Tulipomfuata akauliza: "Mwalimu, kabla ya punda, mnyororo huu ulikuwa wa nani?"

Mzee alifungua mdomo, akaufunga. Misheni hii iliwapokea watu waliokombolewa utumwani ikawajengea kijiji. Chuma hakikuwa haba Bagamoyo, na mnyororo hausemi umepita mikono gani. "Hilo sijawahi kuulizwa," alisema.

Wakati huo wakatokea maharusi wengine, si wetu, wametoka kufunga ndoa kanisani pale pale. Mpiga picha aliwasogeza shinani, akauchukua mkono wa bibi harusi wenye pete mpya na kuuweka juu ya chuma, halafu wa bwana juu yake. "Kama hivyo," alisema, "mmefungana."

Shangazi akamgeukia mzee. "Waambie, mwalimu."

Mwalimu alivua baraghashia, akaikung'uta vumbi, akaivaa tena. Yule bibi harusi alikuwa anacheka, shela limenasa kwenye gome.

"Waache wapige kwanza," alisema.