Hewa Kavu na Miche ya Chai

Mkulima wa chai aliyekitunza kitalu chake kwa miezi mingi aweza kupoteza miche yake katika mchana mmoja. Asubuhi ya mwezi wa Februari huondoa karatasi ya nailoni iliyoifunika, akainyunyizia maji ya kutosha, akaenda zake sokoni. Arudipo saa tisa huyakuta majani yamelegea kama mboga iliyochumwa juzi. Huushika udongo, naye huukuta umelowa. Basi wengine huulaumu udongo huo, na wengine hata jicho la jirani. Lakini mwenye kosa ni hewa.

Jani la mchai lina vitundu vingi upande wa chini, vidogo mno hata havionekani kwa macho. Kila kitundu kina chembe mbili zilizopindika kama maharagwe. Zikijaa maji hutuna, na kitundu hufunguka. Zikipungukiwa hulegea, nacho hufunga. Jani haliwezi kufunga daima, kwani kwa mlango huo huo huingia hewa ya ukaa, ambayo mmea huitumia kujitengenezea chakula. Ndiyo taabu ya jani: likitaka kula, lazima lipoteze maji.

Maji hayo si haba. Mnamo mwaka 1727 kasisi wa Uingereza, Stephen Hales, alichapisha vipimo vyake vya alizeti iliyokua katika chungu. Alikifunika chungu kwa bamba la risasi ili udongo usikauke, kisha akakipima kwa mizani asubuhi na jioni. Mmea wa urefu wa futi tatu na nusu ulipoteza, kwa wastani, ratili 1 na wakia 4 za maji katika saa 12 za mchana. Siku ya joto na ukavu mwingi ulipoteza ratili 1 na wakia 14. Usiku mkavu wenye joto ulipoteza wakia 3 hivi. Usiku wa umande haukupoteza kitu.

Sababu yake ni kwamba ndani ya jani hewa imejaa mvuke karibu kabisa, na mvuke hukimbilia penye upungufu. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye joto la nyuzi 10 za Sentigredi hushika gramu 9 hivi za mvuke; ikifika nyuzi 25 huweza kushika gramu 23. Kwa hiyo hewa ya alfajiri ya ukungu, ikipashwa na jua bila kuongezewa maji, adhuhuri huwa imejaa kwa asilimia 40 tu.

Je, jani hungoja hata linyauke ndipo lifunge? La. Mwaka 1971 Otto Lange na wenzake, huko Ujerumani, walibandua ngozi ya jani, wakaiweka juu ya maji, na kupuliza hewa kavu juu ya kitundu kimoja. Kikafunga, hali jirani yake aliyepata hewa yenye unyevu alibaki wazi. Lakini jani lililofunga halili. Ndiyo maana huko Malawi michai iliyonyweshwa maji vizuri ilionekana kukua polepole wakati hewa ilipokuwa kavu sana.

Kwa mche wa kitaluni hatari ni kubwa zaidi. Kipande kilichopandwa kina jani moja, na hapo mwanzo hakina mizizi hata mmoja. Nailoni iliyotandazwa juu ya fito, kingo zake zikafukiwa udongoni, huzuia mvuke usitoroke. Tena mimea iliyokulia katika unyevu mwingi usiku na mchana mara nyingi huwa na vitundu vizito kufunga. Mche wa namna hiyo ukifunuliwa ghafula, humwaga maji kuliko yale yanayoweza kuletwa na mizizi yake michanga.

Mabwana shamba hushauri nailoni ifunguliwe kidogo kidogo: kwanza ncha zake, baadaye pande zote, na mwisho iondolewe kabisa, hali kivuli cha juu kingali kimesimama. Siku ya mawingu ndiyo njema ya kuanza. Na kama upepo mkavu ukizuka katikati ya kazi, si aibu kuifunika miche tena.