Je, Wajua? Medusa alipata urembo kabla ya Ovid

Wengi huamini kwamba aliyemgeuza Medusa wa visasili vya Kigiriki kutoka zimwi hadi mrembo ni Ovid, mshairi wa Roma aliyesimulia, mwanzoni mwa karne ya 1 BK, jinsi msichana mwenye nywele za kupendeza alivyolaaniwa zikawa nyoka. Sanaa inakataa. Kweli, kwenye hekalu la Artemis kisiwani Corfu, la mwaka 580 KK hivi, Medusa ni wa kutisha: macho kayatumbua, ulimi nje, nyoka wawili wamefungamana kiunoni mwake kama mshipi. Lakini tazama mtungi uliochorwa na Polygnotos kati ya mwaka 450 na 440 KK, ambao sasa uko Metropolitan Museum, New York. Hapo Medusa amelala fofofo, uso laini wa binti yeyote, mabawa tu ndiyo yanayomsaliti. Shujaa Perseus ameshamwekea mundu shingoni, naye kageuza uso. Utasema mtungi mmoja hautoshi kuwa ushahidi. Haya, lakini Pindar, mshairi Mgiriki, alikwisha kuyasifu mashavu ya Medusa mwaka 490 KK. Ovid alizaliwa mwaka 43 KK.