Je, Muislamu Anaweza Kusomea Kazi ya Kuwahudumia Kiroho Wagonjwa wa Dini Zote?

Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa walimwengu, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), ahli zake na masahaba zake.

Tumeletewa suali na familia moja ya Pemba. Binti yao ni muuguzi Nyamwaga, wilayani Tarime, mkoani Mara. Anataka kusomea kazi ya kuwahudumia wagonjwa kiroho hospitalini, wa dini yake na wa dini nyengine. Wazazi wanauliza: inajuzu, au ni kuchanganya dini?

Jawabu letu kwa ufupi ni kwamba inajuzu kwa masharti tutakayoyataja. Na kwa upande wa kuwahudumia Waislamu wagonjwa, tunaiona ni katika fardhi kifaya: wakiifanya baadhi yetu, wengine wamesalimika, wakiiwacha wote, sote tuna dhima.

Kazi yenyewe ni ipi?

Mhudumu wa kiroho hatibu wala haandiki dawa. Hukaa na mgonjwa, humsikiliza khofu yake, humsaidia kutekeleza ibada yake, na huwa pamoja na jamaa wakati wa mauti. Mafunzo yake ya kisasa yalianza Marekani mwaka 1925, katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Worcester, Massachusetts, chini ya mchungaji Anton Boisen, ambaye mwenyewe aliwahi kulazwa kwa maradhi hayo. Hapa Tanzania mafunzo ya namna hii yamekuwa yakitolewa katika Hospitali ya KCMC, Moshi.

Mwanafunzi hasomi vitabu tu. Marekani, hatua moja ya mafunzo huchukua saa 400, na sehemu kubwa yake hutumika wodini. Baada ya kumtembelea mgonjwa, mwanafunzi huandika mazungumzo yao kama anavyoyakumbuka, bila ya kutaja jina la mgonjwa. Kisha huyasoma mbele ya mwalimu na wenzake wachache, nao humuonesha wapi alisikiliza na wapi alikatiza maneno ya mgonjwa kwa haraka ya kutoa nasaha. Siri ya mgonjwa ni amana, na sisi tunajua uzito wa amana na ubaya wa kusengenya.

Mafunzo haya yalianzia kwa Wakristo, lakini Waislamu wameshaingia. Chuo cha Hartford, Connecticut, kilianzisha programu ya kuwaandaa Waislamu kwa kazi hii chini ya Dk. Ingrid Mattson. Uingereza, Taasisi ya Markfield karibu na Leicester nayo inafundisha, na hospitali za serikali huko huajiri wahudumu Waislamu, wanaume kwa wanawake.

Dalili za kujuzu

Katika Sura Al-Mumtahina, aya ya 8, Allah hakutukataza kuwatendea wema na uadilifu wasiotupiga vita kwa ajili ya dini. Mtume (SAW) alimtembelea kijana wa Kiyahudi alipougua, akakaa karibu na kichwa chake; kisa hicho kimo katika Sahihi Bukhari. Na masahaba waliposomea Al-Fatiha mkuu wa kabila lililokataa kuwakirimu, aliyekuwa ameumwa na mdudu mwenye sumu, akapona, Mtume (SAW) aliwakubalia. Wanazuoni wametoa hapo dalili ya kumuombea shifaa asiyekuwa Muislamu.

Masharti

La kwanza, asiongoze ibada ya dini nyengine. Mgonjwa Mkristo akitaka ibada ya kanisa lake, amwitie padri au mchungaji wake. Huko ni kumfikishia mtu ujumbe wake, si kushiriki ibada.

La pili, amuombee mgonjwa afya na uongofu, lakini asimuombee maghfira aliyekufa nje ya Uislamu, kwa mujibu wa Sura At-Tawba, aya ya 113. Kuwafariji wafiwa kunabaki.

La tatu, achunge sitara na asikae faragha na asiyekuwa maharimu wake. Ndiyo maana tunahitaji wanawake katika kazi hii, na binti huyu ana nafasi yake.

La nne ndilo zito. Wapo watakaosema: Mtume (SAW) alimlingania yule kijana, na akasilimu, vipi tunyamaze? Tunasema: kijana yule alikuwa akimtumikia Mtume, akimjua, na baba yake alikuwepo akampa ruhusa. Mgonjwa wa wodini hatujui, hana nguvu za kuondoka, na tumeingia kwake kwa makubaliano kwamba hatutomshawishi kubadili dini. Sura Al-Maida inaanza kwa amri ya kutimiza ahadi. Akiuliza mwenyewe kuhusu Uislamu, ajibiwe kwa ukweli na upole.

Tuigeuze hali tuone. Mara ni mkoa ambao Waislamu ni wachache kuliko Wakristo. Kijana wetu akilazwa Nyamwaga, mbali na bahari na jamaa, tungependa mtu wa dini nyengine amkalie kichwani akimtaka abadili dini wakati roho inamtoka? Tusilolipenda kwa mtoto wetu tusilifanye kwa mtoto wa Mkurya aliyekuja kufanya kazi Unguja na akalazwa Mnazi Mmoja.

Mgonjwa wetu anahitaji nini?

Anahitaji mtu wa kumkumbusha kuwa sala haijamuondokea: atasali kwa kukaa, akishindwa kwa ubavu, na atatayamamu akiwa maji yanamdhuru. Wa kumwambia kuwa ana ruhusa ya kutofunga. Wa kumuuliza kwa upole kuhusu madeni na wasia. Wa kumlakinia shahada kwa sauti ya chini, bila ya kumchosha. Na akifa, wa kuhakikisha anaoshwa na Waislamu na kuzikwa bila ya kucheleweshwa. Daktari hodari na muuguzi mwema wanaweza wasiyajue haya, nasi hatuwezi kuwalaumu ikiwa hatukupeleka mtu wa kuwafahamisha.

Kwa hivyo nasaha yetu kwa wazazi hawa: mpeni binti yenu radhi zenu, na kabla hajaanza asome kwa mwalimu fiqhi ya mgonjwa na janaza, ili aingie darasani akiijua dini yake. Kwa familia nyengine zenye watoto bara: waambieni waandikishe dini yao wanapolazwa, na wajue msikiti wa karibu na namba ya simu ya imamu wake. Na wenye uwezo, kumlipia mwanafunzi mmoja ada ya mafunzo haya ni sadaka ambayo kheri yake itamfikia mgonjwa msiyemjua.

Allah awaponye wagonjwa wetu, na atujaalie mwisho mwema. Wallahu a'lam.