Kuendesha Hercules ukiwa Bamburi: gharama na njia za kuchagua

C-130J Super Hercules, ndege ya kijeshi ya kubebea mizigo, sasa inapatikana kwa wachezaji wa DCS World, gemu ya vita inayoiga ndege halisi swichi kwa swichi. Ndege za daraja hilo huuzwa kati ya dola 60 na 80. Ukipiga dola moja kwa shilingi 130, ni 7,800 hadi 10,400. Kijana wa Mtambo au Utange hapa Mombasa akisikia bei hiyo huona ndoto imekaribia. Asilipe bado. Ndege ndiyo rahisi. Pesa huishia kwenye mashine, intaneti na umeme.

Njia ziko nne, na naanza na ya gharama ya chini zaidi.

FlightGear: bure

Programu hii ni ya bure kabisa, na katika ndege zake za kupakua Hercules imo. Kompyuta ya mtumba iliyotoka ofisini, ambayo kwa kawaida haivuki shilingi 30,000, inaweza kuiendesha ukipunguza ubora wa picha. Vita vyake si vya kutegemea, lakini kazi ya kubeba mizigo utajifunza.

Chagua HKMO, alama ya uwanja wa ndege wa Moi, Mombasa, uanzie kwenye barabara ya kurukia yenye urefu wa mita 3,350. Agosti 1992, Hercules za jeshi la Marekani zilianza kuruka kutoka uwanja huohuo zikipeleka chakula Somalia, iliyokuwa katika njaa na vita. Operesheni hiyo iliitwa Provide Relief. Jaribu safari ya Baidoa, kama kilomita 900 kwa mstari ulionyooka. Panga kwamba hutapata mafuta huko, na hapo hapo utaanza kukuna kichwa: kila kilo ya mafuta ya kurudia inakula nafasi ya kilo ya mahindi. Kubeba mizigo ni hesabu hiyo, na nasema kwa dhati kwamba inafundisha kuliko kurusha makombora.

DCS World bila kununua ndege: bure, lakini mashine ni ghali

DCS yenyewe hailipiwi. Unapewa ndege mbili, Su-25T na TF-51D, na ramani za Caucasus na Marianas. Hakuna ya mizigo hapo, ila ni kipimo kizuri: mashine ikikwama na Su-25T, usitarajie nafuu kwa Hercules.

Gemu inataka Windows, RAM ya GB 16 kwa uchache (32 ndiyo raha), kadi ya michoro yenye nguvu na diski ya SSD yenye nafasi ya zaidi ya GB 100. Kwa mashine kama hiyo tenga laki moja au zaidi, hata ikiwa ya mtumba. Kushusha GB 100 kwa faiba ya Mbps 15 huchukua karibu saa 15, kwa hiyo iache usiku. Kwa bando la simu, usianze.

DCS pamoja na Hercules

Hapa ndipo unapopakia mwenyewe, unafungua mlango wa nyuma na kudondosha mzigo kwa miavuli huku adui yuko karibu. Kabla ya kulipa, angalia mambo mawili. Kwanza, ukiwa na DCS iliyotoka moja kwa moja kwa watengenezaji, Eagle Dynamics, ndege nyingi hujaribiwa bure kwa siku 14; hakikisha kama Hercules imo. Pili, ndege uliyonunua kwenye Steam, duka la gemu la mtandaoni, inaweza kuhamishiwa kwa Eagle Dynamics, lakini ya Eagle Dynamics haihamii Steam.

Wasio na kadi ya benki hulipa kwa M-Pesa GlobalPay, kadi ya Visa ya mtandaoni iliyoanza 2022. Na marafiki wanaotaka kuchanga wachangie mashine, wasichangie ndege: ndege hukaa kwenye akaunti ya mtu mmoja, na mkikosana ni yeye anayebaki nayo.

Microsoft Flight Simulator 2024

Toleo la kawaida lilitoka kwa dola 70, sawa na shilingi 9,100. Mandhari yake yanavutia kuliko ya zote, lakini sehemu kubwa huvutwa mtandaoni wakati unaruka, kwa hiyo bila faiba hutaifurahia. Vita hamna. Kwa anayetaka Hercules ya kijeshi, pesa hizo zina kazi bora kwingine.

Gharama zisizotajwa

Joistiki ya kuanzia, kama Logitech Extreme 3D Pro, ni karibu dola 40 ng'ambo, kabla ya usafiri na ushuru. Kompyuta inayokula wati 400, ukicheza saa mbili na nusu kila siku, inamaliza uniti moja; kwa shilingi 30 kwa uniti, mwezi ni 900. Ongeza UPS, kwa sababu stima ikipotea na kurudi kwa kishindo inaweza kuua kadi ya michoro ya maelfu. Na kwa wanaoishi karibu na ufuo, upepo wa chumvi hula vyuma: usiweke mashine dirishani, na ipanguse vumbi mara kwa mara.

Ushauri wangu

Mwenye kompyuta ya kawaida aanze na FlightGear na joistiki, atumie chini ya 10,000, aizoee safari ya Baidoa. Mwenye mashine yenye nguvu na faiba ashushe DCS ya bure, aijaribu kwa mwezi mzima. Asiye na mashine asikope laki kwa ajili ya ndege ya elfu kumi. Hercules inunuliwe mwisho, na ikibidi isubiri msimu wa punguzo.