Sura ya 6: Usubi wa Mlimani Apatavyo Jina

Masika yakishika huko Kasansa, uyoga ukiletwa nyumbani kutoka miomboni na ukalala siku mbili bila kupikwa, upasue shina. Mara nyingi utakuta vijitundu, na ndani yake funza weupe wenye kichwa cheusi kinachong'aa. Wengi wao ni watoto wa usubi wa uyoga. Mzazi mwenyewe ni mdudu wa milimita chache tu, mwenye kibyongo, miguu mirefu na mabawa mawili. Haumi mtu, wala haambukizi malaria, na pengine ndiyo maana hakuna anayemjali.

Usubi huyu hukauka upesi, hivyo hupenda kivuli na unyevu. Tambarare ya Mpimbwe, iliko Kasansa, ina jua kali miezi mingi ya mwaka. Misitu ya milimani haina shida hiyo. Kaskazini-magharibi, kando ya Ziwa Tanganyika, iko milima ya Mahale, ambayo kilele chake cha Nkungwe kina mita 2,462. Juu kuna msitu wenye ukungu, chini kuna miombo inayopukutisha majani kiangazi. Kwa mdudu dhaifu wa kuruka, msitu wa juu ni kisiwa, na walio visiwa mbalimbali wakikaa maelfu ya miaka bila kuoana huishia kuwa spishi tofauti. Ndiyo sababu mtaalamu wa wadudu hawa huanza kutafuta milimani.

Frederick Wallace Edwards wa makumbusho ya viumbe ya London alilijua hilo vizuri. Mwaka 1925 alichapisha utafiti mkubwa juu ya usubi wa uyoga wa Uingereza, na mwaka 1934 akaongoza msafara wa makumbusho hayo kwenda milima ya Ruwenzori. Baadaye wakaja wengine: mwaka 1993 Geir Søli wa Norwei alichapisha kazi yake juu ya kundi mojawapo la usubi hawa, Manotinae, kutoka Tanzania.

Siku hizi hutumika zaidi mtego wa hema uliobuniwa na Msweden René Malaise. Akiwa safarini aliona kwamba wadudu walioingia hemani mwake hupanda juu hadi pembeni na kutorokea kwenye tundu. Akaona heri aweke chombo palepale wanapotokea, na mwaka 1937 akautangaza mtego wake. Ni mtego mzuri, ila una ubovu mmoja: unakupa mzoga usio na historia. Hujui alikula uyoga gani. Anayetaka kujua hilo huuweka uyoga wenye funza juu ya udongo mbichi ndani ya kopo, hulifunika kwa kitambaa chepesi na kusubiri wakubwa watoke. Kisha huandika mahali, tarehe na aina ya uyoga kwa penseli, maana wino wa kalamu ya kawaida huyeyuka ndani ya spiriti wanamohifadhiwa wadudu.

Kazi yenyewe iko mezani. Dume hutafutwa kwanza, kwa sababu majike ya spishi zinazokaribiana mara nyingi hayatofautishiki. Chini ya darubini, ncha ya tumbo hukatwa kwa sindano na kuchemshwa taratibu katika potasiamu haidroksaidi mpaka nyama iyeyuke, libaki ganda la rangi ya chai. Hapo ndipo viungo vya uzazi huonekana: koleo mbili, kulia na kushoto, na juu yake miiba, meno na vinyweleo kwa mpangilio maalumu. Mwiba mmoja ukiwa mahali pasipotazamiwa, au meno yakiwa safu mbili badala ya moja, mtafiti hushtuka. Husoma pia mishipa ya bawa, na akiwa na uwezo hupima kipande cha DNA chenye herufi 658. Bado hajapata spishi mpya. Hana budi kumlinganisha na kila ndugu aliyekwisha kuelezwa, hata kama kielelezo chake kiko London au Copenhagen, na hapo miaka hupita.

Jina nalo lina sheria zake. Majina ya wanyama huhesabiwa kuanzia kazi ya Linnaeus ya mwaka 1758. Huwa ni maneno mawili, na la pili likitokana na mahali mara nyingi huishia na -ensis. Hakuna kanuni inayokukataza kumpa mdudu jina lako mwenyewe, ila wenzako watakucheka. Kielelezo kimoja, yaani holotaipu, hubeba jina hilo daima: wakibishana watu baada ya miaka mia, hurudi kwake. Na tangu mwaka 2000 mwandishi hulazimika kutaja kielelezo hicho kitahifadhiwa katika mkusanyo gani na mkusanyo huo uko wapi.

Sharti hilo la mwisho lingepaswa kutushughulisha kuliko tunavyofanya. Kibali cha utafiti wa wanyamapori Tanzania hupitia Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) na Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori (TAWIRI), lakini kibali hakitoshi kama baadaye kijana wa Mpanda atahitaji viza ili amwone usubi wa milima ya kwao. Holotaipu inayokwenda nje na iache nyuma vielelezo ndugu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na michoro na picha. Na wanaotoa vibali waliulize hilo kabla mtego haujatundikwa.