Danki wakati wa kupasha: kosa au si kosa?

Juzi kijiweni palikuwa na ubishi mpaka mtu mmoja kaondoka bila kumaliza chai yake. Swali lenyewe: mchezaji akidanki wakati timu zinapasha, mechi haijaanza, refa ana haki ya kumpa faulo ya kiufundi? Nusu walisema ndiyo, Marekani ndo ilivyo. Nusu wakasema huo ni uonevu mtupu. Mimi ubishi huu una kidonda changu ndani yake, nitakisema mbele.

Jibu linategemea mnacheza kwa kitabu cha nani.

Tuanze na hao Wamarekani. Mwaka 1967 NCAA, wale wanaosimamia michezo ya vyuo, walipiga marufuku danki kabisa. Walisema watu wanaumia na vifaa vinaharibika. Lakini wengi walimwangalia kijana mmoja wa UCLA, Lew Alcindor, ambaye timu yake ilikuwa imetoka kumaliza msimu 30-0, wakasema sheria imeandikwa kwa ajili yake. Mwenyewe aliona kuna harufu ya ubaguzi. Ndo huyo huyo aliyekuja kuitwa Kareem Abdul-Jabbar. Wala haikumsaidia mtu, maana alinoa ule mtupo wake wa ndoano na UCLA wakabeba ubingwa 1968 na 1969.

Msimu wa 1976-77 danki ikarudi. Sasa hapa ndo wabishi wengi wanapopotea: ilirudi ndani ya mechi tu. Wakati wa kupasha na wa mapumziko ilibaki kosa karibu miaka 40 mingine, mpaka NCAA walipoifuta kwa timu za wanaume kuanzia msimu wa 2015-16. Kwa hiyo Hasheem Thabeet wetu, aliyecheza UConn kuanzia 2006 hadi 2009, alipita kipindi chote kile cha marufuku. Jamani, mtu ana mita 2.21, ringi iko mita 3.05, halafu wakati wa kupasha aweke mpira taratibu kama anaweka yai kwenye trei!

Sekondari za huko nako kitabu chao kiliweka danki ya kupasha kuwa faulo ya kiufundi: wapinzani wanapewa mitupo huru miwili na mpira juu, mechi inaanza hivyo hivyo bila mpira wa kurushwa katikati. Ila mamlaka ya refa yanaanza akiingia uwanjani, dakika 15 hivi kabla ya mechi. Unaona mwanya? Vijana wanadanki harakaharaka refa bado yuko chumbani anafunga viatu.

Kwa nini wasumbuke na danki isiyo na pointi? Kwa sababu ubao ukivunjika, mechi haipo. Tarehe 5 Novemba 1946 Boston Celtics walikuwa wanacheza mechi yao ya kwanza kabisa nyumbani. Wakati wa kupasha Chuck Connors akavunja ubao wa kioo, watu wakasubiri mpaka ukaletwa mwingine kutoka ukumbi mwingine wa mjini. Wengi wanasimulia kwamba alidanki. Mwenyewe alisema ulikuwa mtupo wa kawaida tu wa mbali, na ringi ilikuwa imefungwa vibaya. Aliyevunja kwa danki kweli kweli ni Darryl Dawkins wa Philadelphia, mara mbili mwaka 1979 ndani ya wiki chache. Baada ya hapo NBA wakaingiza ringi zenye springi, zinazoinama zikivutwa halafu zinarudi zenyewe.

Sasa huku kwetu tunacheza kwa kitabu cha FIBA, na hicho hakikatazi danki yenyewe. Kinachoadhibiwa ni kuning'inia, yaani kuishika ringi mpaka ibebe uzito wako. Kuigusa kidogo ukimaliza kudanki ruksa, au ukiishika usije ukaumia au kumwangukia mwenzako. Zaidi ya hapo, faulo ya kiufundi, na wapinzani wanapata mtupo huru 1.

Nakuja kwenye kidonda. Kuna bonanza moja la mtaani, jina naliacha. Mshkaji wetu mrefu alidanki wakati tunapasha, watoto wakashangilia, akarudia. Mara ya tatu akaning'inia na kuanza kubembea huku anawaonyesha wapinzani ulimi. Refa akapuliza. Wakapewa mtupo mmoja, wakafunga, sisi tukazunguka kila kona tukilia tumeonewa. Tulifungwa kwa pointi mbili, kwa hiyo hata huo mtupo hauwezi kuwa kisingizio.

Nimekuja kukisoma kitabu baadaye na refa alikuwa sahihi. Danki mbili za kwanza aliziacha. Ile ya tatu ndo aliadhibu.

Lakini pointi si kitu. Ringi yetu haina springi, ni nondo iliyochomelewa kwenye bati la chuma. Ilipinda mbele siku ile. Fundi wa kuchomelea alitaja bei, tukachanga, pesa haikutimia, aliyening'inia akasema yeye hakutumwa na mtu peke yake, sote tulikuwa tunashangilia. Hapo alisema kweli, mimi nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Miezi minne tukachezea goli moja, na wale wadogo waliokuwa wanakuja asubuhi wakahamia kwenye mpira wa miguu. Wawili tu ndo wamerudi.

Haya, mnaocheza viwanja vingine: kwenu ringi ikipinda analipa aliyening'inia au mnachanga wote?